Diski Isiyozunguka

Shikeni kalamu. Leo tunazo tarakimu mbili tu, 0 na 1, lakini zaweza kuchelewesha kazi ya ofisi nzima.

Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Diski ya namna ya zamani ina sahani ndani yake, nazo huzunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo hutafuta habari juu yake. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Huweka habari kwa umeme, nayo ni nyepesi mno.

Je, mfumo wa Linux hujuaje ni ipi? Huiuliza diski yenyewe: “Wazunguka mara ngapi?” Ya sahani hujibu 7,200. SSD hujibu 1, na kwa mapatano ya mafundi maana yake ni “Sizunguki.” Hapo Linux huandika 0 katika faili iitwayo rotational. Ile ya sahani huandikiwa 1.

Shida huingia penye kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zionekane moja. Kadi hii ni kama karani mlangoni: aulizwaye ni yeye, diski haisikii. Karani asipojibu, Linux hudhani ni sahani, huandika 1.

Tuseme hospitali huweka majalada ya wagonjwa kwa Ceph, programu inayogawa diski katika makundi kwa kutazama tarakimu hiyo. SSD zilizonunuliwa kwa fedha nyingi zitatiwa katika kundi la diski za polepole, na mgonjwa atangoja dirishani.

Andikeni amri hii: lsblk -d -o NAME,ROTA. Mkiona 1 penye SSD, kuna kosa. Msibadili kwa kukisia! Kwanza someni aina ya diski katika programu ya kadi. Kisha msimamizi wa seva huandika 0 katika /sys/block/sda/queue/rotational, akitaja diski inayohusika. Seva ikizimwa, 1 hurudi. Kwa hiyo kanuni huwekwa katika /etc/udev/rules.d, nayo itambue diski kwa namba yake ya utambulisho, kwani jina kama sda laweza kuhamia diski nyingine. Ceph nayo, ikiwa imekwisha kuigawa diski, lazima iambiwe kundi jipya.

Wengine hudhani tarakimu hiyo huleta na TRIM, yaani taarifa ya kuijulisha SSD nafasi zilizofutwa. Sivyo. Kadi isiyopitisha TRIM haitaipitisha, hata mkiandika 0 mara mia.