Ziara ya Makaburi ya Mashujaa, Naliendele

Mwenye kutoka Mtwara mjini akaishika njia iendayo Nanyamba hadi Newala, haendi mbali kabla hajafika Naliendele. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya mikorosho, kwani hapo ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa korosho wa kusini hukitegemea kwa mbegu bora na dawa. Walakini iko Naliendele nyingine iliyo kimya, nayo ndiyo tuliyoikusudia. Hapo ndipo walipozikwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliofariki katika mambo ya Msumbiji, na makaburi yao yamepangwa kwa safu, kama wanajeshi wasimamavyo gwarideni.

Tumeona ni vema kuieleza ziara hii kwa urefu, kwa kuwa vijana wengi wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na Madimba hupita karibu na mahali hapo mwaka hata mwaka, wala hawajui ni kina nani waliolala pale wala ni kwa nini wamelala hapo na si kwao walikozaliwa.

Sababu ni mto. Ruvuma unaingia baharini kusini ya Msimbati, katika mikoko na mafungu ya mchanga ambayo tangu mwaka 2000 yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma. Watu wa ng'ambo mbili za mto huo ni watu wamoja: Wamakonde, Wayao, Wamakua, na Waswahili wa pwani wenye misikiti ya namna moja na maulidi ya namna moja. Mtu wa Kilambo ana shangazi Palma, na mtu wa Palma ana mjomba Mikindani. Wageni ndio walioufanya mto kuwa ukuta. Wajerumani waliitwaa Kionga, upande wa kusini wa mlango wa mto, mwaka 1894. Wareno wakairudisha mwaka 1916, na mwaka huo huo wakavuka kuja huku wakaiteka Newala, kisha wakafukuzwa. Mwaka 1917 yakapiganwa mapigano ya Mahiwa, katika nchi ya Lindi, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, ambayo kwa upande wa Waingereza peke yake zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, majeshi ya Wajerumani yakavuka Ruvuma hapo Ngomano.

Sasa na tuulizane: katika vita hivyo vya wageni, ni nani aliyekufa? Walikufa askari wa Kiafrika wa pande zote mbili, wengi wao Waislamu. Lakini waliokufa zaidi ni wapagazi, waliobeba risasi, unga na majeruhi juu ya vichwa vyao. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika utumishi wao, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na watu wenye kuchunguza mambo hayo husema idadi ya kweli ilipita hapo sana. Makaburi yao hayajulikani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka kwa ujumla, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha wapagazi. Mtu huenda Kariakoo kununua kitenge asubuhi na jioni, naye hajui kwamba anataja jina la waliokufa. Hayo ndiyo yaliyowapata waliotumikia bila kuandikwa majina, na hapo ndipo msomaji ataona thamani ya mahali kama Naliendele, palipo na kaburi kwa kila mtu.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, vikiongozwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam miaka miwili kabla. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea, na majeruhi waliletwa Mtwara kutibiwa. Vijiji vyetu vya ukingoni vililipa gharama, kwani Wareno walivishambulia kwa mabomu na mizinga, na wakulima waliuawa katika mashamba yao. Jeshi letu, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilikuwa changa bado, nalo ndilo lililowekwa kulinda mpaka huo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975.

Haikuwa mwisho. Vita vya ndani vya RENAMO vikaichoma nchi ile changa, na baada ya kufa kwa Rais Samora Machel katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, Tanzania ilipeleka askari wake Msumbiji, khasa katika jimbo la Zambezia, nao wakabaki huko hata mwaka 1988. Wengine waliuawa vitani, wengine kwa maradhi na ajali. Msomaji asidharau hao wa maradhi. Aliyekufa kwa malaria katika msitu wa Zambezia, akiwa ameacha mke mjamzito kwao, ametoa roho ile ile moja aliyokuwa nayo.

Basi mtu aingiapo katika makaburi hayo afanye nini? Sisi Waislamu tumefundishwa adabu ya ziara, wala haibadiliki kwa sababu makaburi ni ya serikali. Mtume s.a.w. alikuwa amewakataza watu kuzuru makaburi hapo mwanzo, kisha akawaruhusu, kwa kuwa ziara hukumbusha Akhera. Mwenye kuzuru huwatolea salamu waliolala, huwaombea, wala hakalii kaburi wala halikanyagi. Kuhusu akina mama, wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wetu wa pwani, wengi wameona ni karaha kwa kuchelea maombolezo ya kupita kiasi. Hata hivyo imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimpitia mwanamke aliaye kaburini, akamwamuru kumcha Mwenyezi Mungu na kusubiri, wala hakumfukuza mahali pale. Sisi hatuoni kwamba mama aliyemtoa mwanawe kwa ajili ya nchi astahili kuzuiwa mlangoni.

Liko swali ambalo huulizwa na watu wengi wa nyumbani, nalo ni hili: pale wamelala Waislamu na Wakristo pamoja, je, Mwislamu asimame vipi? Jawabu lake si gumu. Dua ya kuombewa maghufira tunawaombea waliokufa katika Uislamu. Ama heshima, hiyo ni ya wote. Mtume s.a.w. alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa kwamba yule ni Myahudi, akawauliza kama yule naye si nafsi. Kijana apitaye katikati ya safu zile akainamisha kichwa mbele ya kaburi la Mwislamu, kisha akatema mate au akacheka mbele ya kaburi la jirani yake, huyo hakufunzwa adabu nyumbani. Waliokula chungu kimoja na kufa katika handaki moja, mwenye kuwahesabu ni Mola wao.

Swali la pili ni zito zaidi. Baadhi ya jamaa husema: kwa nini mtoto wetu hakuletwa kwetu Pemba, au Tabora, au Rufiji? Wako wanaotamani hata leo kuichukua mifupa. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Waislamu wapatao 70 waliuawa, nao walizikwa pale pale, wengine wawili wawili katika kaburi moja. Miongoni mwao alikuwa Abdallah bin Amr bin Haram, baba yake Jabir r.a. Jabir hakuridhika moyoni kumwacha baba yake amechanganywa na mtu mwingine, na baada ya miezi sita alimtoa akamzika peke yake. Tunaitaja khabari hii ili jamaa wajue kwamba uchungu wao si dhambi wala si uasi, na Sahaba mkubwa aliuonja. Walakini wanazuoni wetu hawafungui kaburi ila kwa dharura, na aliyekwisha kuzikwa peke yake kwa heshima, Naliendele au penginepo, aachwe apumzike. Aliye mbali na asiyeweza nauli aombe dua palipo kitanda chake. Na habari ya mtu kufa mbali ikiwafikia watu wake, Shafii wanaruhusu swala ya jeneza la aliye ghaibu, kama Mtume s.a.w. alivyomsalia Najashi aliyefia Uhabeshi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Walinda amani 15 wa Tanzania walipouawa karibu na mto Semuliki, mashariki ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, miili ilirudishwa kwa ndege. Lakini kurudishwa kwa mwili hakumalizi mambo ya nyumbani, na hapa tunawaomba akina baba watusikilize. Huyo huyo baba yake Jabir aliacha mabinti wasioolewa na deni kubwa kwa Myahudi, na Jabir hakutulia mpaka tende za shamba zilipolipa deni lote, kwa baraka ya Mtume s.a.w. Tena tumefundishwa kwamba anayeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa yote isipokuwa deni. Kwa hiyo nyumba iliyopata msiba wa askari isianze na khitima kubwa ya ng'ombe watatu. Ianze na daftari la dukani, na mkopo, na mahari iliyobaki. Deni likilipwa na wasia ukitimizwa, ndipo igawiwe mirathi: mke, au wake wote kwa pamoja, wana thumni ikiwa marehemu aliacha watoto, na mama yake ana sudusi. Tumeona mama mzazi akisahauliwa kabisa, ati kwa kuwa fedha zimeletwa kwa jina la mjane. Na tumeona kinyume chake, mjane akifukuzwa na mashemeji kabla eda yake ya miezi minne na siku kumi haijaisha. Dhulma mbili hizi hazifutwi na mizinga ya heshima.

Na mke ambaye mumewe hakurudi wala hakuonekana maiti yake? Huyo taabu yake ni ya peke yake. Kauli ya mwisho ya Imam Shafii ni kwamba akae mpaka ithibitike kufa kwa mumewe. Imam Malik amefuata hukumu ya Sayyidna Umar r.a., kwamba mke angoje miaka minne tangu shauri lifikishwe kwa hakimu, kisha akae eda ya kufiwa. Asijiamulie mwenyewe, wala asiachwe bila jawabu miaka ishirini. Wazee wake wamwongoze kwa kadhi, na wafuate jeshini kutafuta uthibitisho wa maandishi.

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, pamoja na sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua, na viongozi wa dini huomba dua kila mmoja kwa imani yake. Wako wanaochukizwa na maua na tarumbeta. Sisi twaona hiyo ni desturi ya dola katika kuonyesha heshima, si ibada, na Mwislamu mwenye kuhudhuria ashike lililo lake, yaani dua.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita, nalo lahusu vijana. Tangu Oktoba 2017 ng'ambo ya pili, Cabo Delgado, watu wenye silaha wamechinja wanakijiji, wamechoma nyumba na misikiti, nao huyaita hayo jihadi. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakaingia Kitaya, katika mkoa huu wa Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Askari wa Tanzania walikuwamo katika jeshi la nchi za SADC lililokuwa huko kuanzia 2021 hadi 2024. Basi neno shahidi sasa linatajwa kwenye kingo zote mbili za mto, na kijana wa miaka kumi na minane, asiye na kazi, husikia akiambiwa kwamba njia fupi ya kulipata iko ng'ambo. Na asome. Mtume s.a.w. aliulizwa juu ya mtu apiganaye kwa ushujaa, na apiganaye kwa ajili ya kabila lake, na apiganaye ili aonekane, naye hakumpa hata mmoja wao cheo hicho kwa upanga wake tu. Kwa hiyo hata sisi, tukisimama mbele ya safu za Naliendele, hatumwandikii mtu daraja yake mbele ya Mola. Twasema tulilolijua: hawa walikufa wakiwalinda wakulima wa Kitaya na Kilambo na ndugu zao wa ng'ambo. Ama mwenye kumchinja mkulima huyo huyo shambani mwake, hatuhitaji kitabu kikubwa kumtofautisha.

Walimu wa madrasa watakaopenda kuwapeleka wanafunzi, kwa kuwa ni makaburi ya askari, na waombe ruhusa mapema, na waende asubuhi kabla ya jua kali. Wasiwabebeshe watoto hotuba ndefu. Wakipata nauli ya kuendelea, wawafikishe Kilambo wauone mto wenyewe, na watoto wenye jamaa ng'ambo wapewe nafasi ya kuwataja kwa majina. Huko juu, Mtambaswala, liko Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa na marais wa nchi mbili tarehe 12 Mei 2010. Ng'ambo yake ndiyo Ngomano, ambako wapagazi wa mwaka 1917 waliuvuka mto kwa miguu, mizigo vichwani.