Itifaki za mitandao isiyotumia waya: safari ya kutoka kwenye kompyuta hadi uwandani

Ndani ya programu ya uigaji, mawimbi ya redio huwa na adabu. Husambaa kwa umbo la duara, hayazuiwi na kilima wala ukuta, na kifaa kimoja kikisikia kingine, basi nacho husikika. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na David Kotz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walizipima dhana hizo kwa takwimu za kompyuta mpakato 33 zilizotembezwa katika uwanja wa michezo. Dhana hizo hazikuthibitika.

Kasoro hiyo si ndogo. Itifaki ndiyo kanuni inayoamua kifaa kipi kitume taarifa, wakati gani na kwa njia ipi. Iliyobuniwa kwa kuamini kuwa mawasiliano ni ya pande mbili daima, husubiri jibu lisilofika, na ujumbe wa waokoaji hupotea njiani.

Hata hivyo, kuukimbilia uwanda moja kwa moja si dawa. Lori likipita au mvua ikinyesha, matokeo hubadilika, na mtafiti hawezi kujua kama sababu ni itifaki yake au ni lori. Uigaji una fadhila moja kubwa: jaribio hurudiwa lilivyokuwa.

Ndiyo maana zimejengwa hatua za kati. Maabara ya ORBIT ya Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ilipanga vituo 400 vya redio halisi katika safu 20 kwa 20 ndani ya ukumbi mmoja. Colosseum, iliyopo Chuo Kikuu cha Northeastern, ina redio 256 zinazounganishwa kwa nyaya, huku kompyuta ikizibadilisha ishara kana kwamba zimepita mitaani.

Programu ya ns-3, iliyotolewa mwaka 2008, nayo huweza kuunganishwa na kadi halisi ya mtandao, hivyo msimbo uleule ukavuka bila kuandikwa upya. Hapo ndipo penye faida kubwa zaidi, kwa kuwa makosa mengi hujipenyeza kimyakimya wakati wa kuandika upya.

Safari ya kurudi nayo ni muhimu: vipimo vya uwandani huingizwa katika uigaji ili kuusahihisha. Takwimu za uwanja ule wa Dartmouth ziliwekwa katika hazina ya CRAWDAD, watafiti wengine wazitumie.