Kabla Hujaongeza Nguvu ya Injini ya Boti Yako

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Lamu, boti ndiyo matatu, ambulensi na kitega uchumi. Ndiyo maana mwenye injini kuukuu ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili, hushawishika fundi anapomwambia kuwa inaweza kuongezwa nguvu. Inawezekana kweli. Swali ni gharama yake.

Mfano ni injini za Yamaha za nguvu za farasi 9.9 na 15. Nyingi za aina hiyo zina silinda za ujazo sawa, sentimita za ujazo 246. Tofauti kubwa iko katika njia ya kupitisha hewa na mafuta, ikiwemo kabureta. Mafundi wengine huenda mbali zaidi: hukwangua kichwa cha silinda ili mgandamizo uongezeke, au hupanua matundu ya kuingiza na kutoa hewa.

Hatari iko wapi?

Hewa ikiongezwa bila kuongeza petroli, mchanganyiko huwa mwepesi na injini hupata joto kali. Katika injini hizi, oili huingia pamoja na petroli. Kwa hivyo petroli ikipungua, ulainishaji nao hupungua, na pistoni inaweza kukwama. Mgandamizo ukizidi, petroli huweza kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni.

Chombo chenyewe nacho kina kipimo. Ubao wa tezi uliojengwa kubeba injini ndogo unaweza kupasuka ukisukumwa na nguvu kubwa. Injini ikizima katikati ya mawimbi ya kusi, abiria ndio watakaolipa gharama ya mwendo huo wa kasi.

Anza na haya

Mara nyingi injini haikosi nguvu, bali imepoteza ile iliyokuwa nayo. Kabla ya kukata chuma:

- Safisha kabureta, badilisha plagi, na mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda.
- Fuata kipimo cha oili kilicho katika kitabu cha injini. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, dumu la lita 25 za petroli huhitaji nusu lita ya oili ya injini za boti.
- Kagua pampu ya maji ya kupoza, na uisafishe injini kwa maji matamu baada ya safari.
- Kwangua mwani na makombe yaliyoganda chini ya chombo.
- Angalia propela. Iliyopinda, au isiyolingana na mzigo, hupunguza mwendo hata injini ikiwa nzima.

Ukiamua kubadilisha

Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) ndiyo hukagua na kutoa leseni kwa vyombo vidogo. Mjulishe mkaguzi kuhusu mabadiliko kabla ya kubeba abiria tena. Uliza pia kampuni yako ya bima, kwani injini isiyolingana na maelezo uliyotoa inaweza kuzua utata wakati wa kudai fidia.

Wavuvi wanaweza kuanzia kwa viongozi wa BMU katika bandari zao za uvuvi. Na kila anayesafiri, awe nahodha au abiria, avae jaketi la kuokolea maisha kabla chombo hakijang'oa nanga.