Msimbo wa QR Ndani ya Picha: Upendeze, Lakini Pesa Ziingie

Ijumaa moja, baada ya swala ya mchana, tulipita kwa mteja wetu anayeuza biriani Mji wa Kale, Mombasa. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mbele ya foleni palikuwa na bango jipya, zuri kweli. Lilikuwa na sinia la biriani lililopigwa picha kutoka juu, na ndani ya ule wali, ukikaza macho, kulikuwa na msimbo wa QR wa kulipia. Vimraba vya msimbo vilipakwa rangi ya zafarani hadi vikafanana na punje za wali.

Kijana wa kwanza akainua simu. Akasogea mbele, akarudi nyuma, akaigeuza upande. Wapi! Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Mama, nitarudi baadaye," akaenda zake na njaa yake.

"Wanangu," mama akatuambia, "bango hili nimelilipia pesa nzuri, na kila mtu alisifu. Lakini sasa laniharibia biashara."

Mama hakukosea kutaka kitu cha kupendeza. Msimbo mweusi na mweupe uliobandikwa juu ya picha nzuri huonekana kama kiraka, na wengi wenu mmekuwa mkituuliza kama unaweza kuchanganywa na picha ya biashara. Jibu ni ndiyo, unaweza. Ila kuna vitu ambavyo kamera lazima ivipate. Ukiviacha mahali pake, mapambo mengine yote ni juu yako.

Kamera inatafuta nini?

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani na Masahiro Hara pamoja na wenzake, ukatolewa mwaka 1994. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Mambo ya kulipia chakula yalikuja baadaye sana.

Angalia msimbo wowote: pembe tatu kati ya nne zina mraba mkubwa ndani ya mraba. Sisi huyaita macho matatu. Ukipita katikati ya jicho kwa mstari mmoja, utakuta giza, mwanga, giza, mwanga, giza kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Uwiano huo haukuchaguliwa ovyo. Wabunifu walichunguza magazeti na makaratasi mengine yaliyochapishwa, wakatafuta mpangilio unaotokea kwa nadra zaidi, ili mashine isidanganyike na maandishi ya kawaida. Kwa hiyo simu yako huanza kwa kutafuta macho hayo. Isipoyaona, haijui hata kama mbele yake kuna msimbo.

Kitu cha pili ni pambizo. Kuzunguka msimbo panatakiwa nafasi tupu yenye upana wa vimraba vinne kila upande. Kwenye bango la mama, nafasi hiyo ilijaa nyama na viazi.

Cha tatu ni tofauti ya giza na mwanga. Hapa ndipo wengi huteleza. Programu ya kusoma msimbo hujali zaidi ung'avu kuliko rangi yenyewe. Nyekundu iliyokolea juu ya kijani iliyokolea, kwa jicho lako, ni rangi mbili tofauti kabisa. Kwa simu, zote mbili zinaweza kuwa kijivu kilekile. Na manjano juu ya nyeupe, kama ule wali wa zafarani, karibu hupotea kabisa. Pia usigeuze mpangilio ukaweka vimraba vyeupe juu ya nyeusi. Simu zingine husoma, zingine hukataa, na huwezi kujua mteja wako ana ipi.

Akiba haiozi, lakini huisha

Labda umeshaona msimbo uliochanika kidogo, au wenye nembo ya duka katikati, na bado unasoma. Siri ni kwamba kila msimbo hubeba taarifa za ziada za kurekebisha makosa. Kuna viwango vinne: L hurudisha takriban asilimia 7 ya taarifa zilizoharibika, M asilimia 15, Q asilimia 25, na H asilimia 30.

Ifikirie ziada hiyo kama akiba yako ya dharura. Nembo ukiiweka katikati, umetoa kidogo. Ua likifunika kona ya chini, umetoa tena. Bango linasoma vizuri siku ya kwanza, unafurahi. Halafu mafuta ya sambusa yanarukia, jua la Januari linafifisha rangi, mtoto anakwaruza kwa ufunguo. Kama picha ilishamaliza akiba yote, hakuna kilichobaki cha kulipia ajali hizo. Kwa hiyo omba kiwango H, kisha usiitumie ile asilimia 30 yote. Na kumbuka akiba hiyo hailindi macho matatu. Yakifunikwa, msimbo huenda usitambuliwe hata kama sehemu nyingine zote ni safi.

Kiwango H nacho kina gharama yake. Msimbo mdogo kuliko yote una vimraba 21 kwa 21. Kwa kiwango L unabeba tarakimu 41, kwa kiwango H tarakimu 17 tu. Hivyo taarifa zilezile zikiwekwa kwa H huhitaji vimraba vingi zaidi, na ukichapa kwenye nafasi ileile vitakuwa vidogo zaidi. Dawa ni kupanua msimbo. Kipimo rahisi: upana wa msimbo uwe angalau sehemu moja ya kumi ya umbali wa kuskani. Mtu akisimama mita moja, msimbo uwe sentimita 10. Kama umechanganywa na picha, ongeza tena.

Njia tatu za kuuchanganya

Ya kwanza ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi: tafuta sehemu tulivu ya picha, uupe msimbo kazi pale. Unauza matunda? Msimbo unaweza kukaa kwenye ubavu wa kreti. Una saluni? Uweke ndani ya kioo. Rangi za giza za picha zitumike kwa vimraba, rangi nyepesi ziwe usuli. Unaonekana ni sehemu ya picha, na kamera haisumbuki.

Ya pili ni ya vitone. Mwaka 2013 watafiti walichapisha mbinu ya kugawa kila kimraba vipande tisa, vitatu kwa vitatu. Kipande cha katikati kinabaki na rangi ya msimbo, vile vinane vya pembeni vinabeba picha. Inawezekana kwa sababu programu nyingi huamua rangi ya kimraba kwa kuangalia katikati yake. Matokeo yake hupendeza sana, lakini yanataka uchapishaji safi. Wino ukisambaa kidogo, vitone humezwa. Kwa kadi nzuri, sawa. Kwa turubai ya kibandani, hapana.

Ya tatu ni ya akili unde. Mwaka 2023 mitandao ilijaa picha za milima, nyumba na nyuso ambazo kumbe ni misimbo. Zinavutia, lakini programu hizo huchora upya vimraba zinavyotaka, na picha mbili za aina moja zinaweza kutofautiana: moja inasoma, nyingine haisomi. Kwa tangazo la sherehe, jaribu. Kwa msimbo unaoingiza pesa za kila siku, tunakusihi usitegemee hiyo.

Kabla hujachapisha nakala hamsini

Chapisha moja tu, kwa ukubwa halisi na karatasi halisi. Kisha:

1. Ipige picha, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu yako. Vimraba vikipotea machoni pako, na kamera itapata shida.
2. Skani kwa simu tano tofauti, ikiwemo moja ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Wateja wako hawana simu mpya wote.
3. Rudia jioni, kwa taa unayotumia dukani. Ukiipaka karatasi plastiki ya kung'aa, jaribu tena, maana mng'ao hufunika vimraba.
4. Usiishie kwenye kuskani. Jilipe shilingi 10 hadi ujumbe uingie, na uhakikishe jina lililotokea ni la biashara yako.

Mpe mchoraji faili ya msimbo tuliyokupa sisi, wala asiuchore upya kwa kukisia wala kutengeneza mwingine kwenye tovuti yoyote anayoijua. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kiwango cha taifa cha misimbo ya QR ya malipo, na taarifa zilizo ndani ya msimbo wako zina mpangilio maalum. Rangi zibadilike, taarifa zisiguswe.

Tena, usisahau kuandika namba ya till chini yake kwa herufi kubwa. Mwenye mulika mwizi naye ana pesa, na hawezi kuskani chochote.

Picha nzuri na wezi wa stika

Kuna faida moja ya kuchanganya msimbo na picha ambayo wengi hawaifikirii. Walaghai hubandika stika yenye msimbo wao juu ya ule wa duka, na malipo yanakwenda kwao. Kwenye karatasi nyeupe, stika nyeupe haionekani haraka. Lakini msimbo ukiwa umeungana na picha, stika ya juu inakata picha, na utaiona asubuhi ukifungua duka. Pitisha kidole juu ya bango kila siku. Ukihisi ukingo wa karatasi, usipokee malipo kwa msimbo huo.

Hata hivyo picha si kufuli. Mlaghai anaweza kuchapisha bango zima. Kwa hiyo wewe unayelipa, soma jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Jina lisipolingana, muulize mwenye duka. Na msimbo ukikufungulia ukurasa wa intaneti unaotaka PIN yako, funga hapo hapo.

Biriani imerudi

Yule mama hatukumwambia aache picha yake. Sinia lilibaki. Tulimtafutia fundi akausogeza msimbo kwenye sahani nyeupe pembeni ya sinia, vimraba vikawa vya kahawia iliyokolea kama karafuu, macho matatu yakarudi kamili, na ukingo wa sahani ukawa pambizo. Namba ya till ikaandikwa chini.

Ijumaa iliyofuata tulisimama kwenye foleni kama wateja wengine. Kijana aliyekuwa mbele yetu aliinua simu mara moja tu, ikasoma. Mama akasikia mlio wa ujumbe, akamwambia, "Haya, chukua sahani yako, baba," akamgeukia anayefuata.

Una bango la biashara unalotaka tulikague kabla ya kulichapisha? Tutumie picha yake kupitia huduma kwa wateja ndani ya app. Hatutakuomba PIN, na anayekuomba si sisi.