Kabla Hujanunua Kitabu cha Briji, Muulize Mwenzako

Aliyezoea karata za barazani haoni ugeni mkubwa katika briji. Kuna kopa, shupaza, uru na pau, kuna turufu, na wachezaji 4 hucheza wawili wawili. Nazungumzia mchezo usio na pesa mezani. Kamari ni haramu na haimo humu.

Kinachomtatiza mgeni ni mnada unaotangulia kucheza. Hapo wewe na mwenzako huelezana nguvu ya karata zenu bila kuonyeshana, kwa matamshi machache yanayoruhusiwa. Maana ya kila tamko mmeshaipanga mapema, na mpango huo ndio mfumo wa kunadi. Basi kitabu kizuri ambacho mwenzako hakukisoma hakikufai.

Tuchukue mfano. Esi ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Mwenzako ananadi "moja bila turufu". Kwa Acol, mfumo wa Waingereza uliopewa jina la barabara moja ya London, kwa kawaida hiyo ni pointi 12 hadi 14. Kwa mfumo wa kawaida wa Marekani ni 15 hadi 17. Wewe una 10. Kutimiza "tatu bila turufu", yaani kushinda mizunguko 9 kati ya 13, nyinyi wawili mwahitaji kiasi cha pointi 25. Kwa Kimarekani mnazo, unanadi. Kwa Acol hamfiki, unapita. Mkifuata vitabu viwili, mtazama na kila mmoja ajione yuko sahihi.

Kwa hivyo, kwanza kubalianeni mfumo, hasa ule wa watu mtakaokaa nao mezani. Wa Acol atafute *Understanding Acol* cha Eric Crowhurst na Andrew Kambites. Wa Kimarekani, *Commonsense Bidding* cha William Root, 1986. *25 Steps to Learning 2/1* cha Paul Thurston kinamfaa aliyekwisha kujua misingi.

Pili, tazama umri wa kitabu. Vya mitumba ni rahisi, lakini katika vingi vya zamani kufungua "kopa mbili" ni ishara ya karata kali. Katika vingi vya leo ni karata dhaifu zenye kopa 6. Kabla hujalipa, angalia pia kama kufungua kwa kopa moja kunataka kopa 4 au 5.

Tatu, tofautisha aina. *Bridge My Way* cha Zia Mahmood, Mpakistani aliyefika fainali ya dunia mwaka 1981 na timu ya nchi yake, ni simulizi ya maisha yake. Kisome kwa raha, lakini hakikufundishi mfumo.

Kisha nunueni nakala mbili za kitabu kimoja. Kila mkimaliza sura, gaweni karata, nadini bila kucheza, halafu zifunueni mezani muone kama mlielewana.