Kaitaba si ya mabao tu, ni darasa la kutumikia

UKITAJA Kaitaba kwa shabiki wa soka nchini, kitakachomjia kichwani kwanza ni Kagera Sugar, Wanankurukumbi, na vigogo waliowahi kuumbuka mjini Bukoba. Hapo ndipo Simba ilipolala 2-1 Aprili 2019, na hapohapo ikalala tena 1-0 Januari 2022.

Lakini kwa mwenyeji wa Bukoba, uwanja huo una kumbukumbu nyingine ambazo hazimo kwenye msimamo wa ligi.

Septemba 10, 2016 ilikuwa Jumamosi, siku ya mpira. Saa 9:27 alasiri ardhi ya Kagera ikatikisika. Nyumba zikaanguka, shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya, watu 17 wakapoteza maisha na mamia wakajeruhiwa. Kesho yake miili ya marehemu ikaletwa Kaitaba kuagwa.

Miaka sita baadaye, Novemba 6, 2022, ikawa Jumapili asubuhi. Watu wengine walikuwa ibadani na wengine njiani kwenda kanisani, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikaanguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliookolewa ni 24, waliofariki ni 19. Jumatatu yake, majeneza yakapangwa Kaitaba. Masheikh wakaomba dua, maaskofu na wachungaji wakasali, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza waombolezaji.

Siku za namna hiyo hakuna anayeuliza nani Simba na nani Yanga. Kazi ngumu huanza baada ya turubai kukunjwa na viongozi kupanda magari. Ni nani anabaki na yule aliyefiwa?

MVUVI HAKUULIZA DINI

Wa kwanza kuifikia ndege ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Jina lililotamkwa zaidi ni la kijana Majaliwa Jackson, aliyesifiwa nchi nzima kwa kuwahi kusaidia abiria kutoka, na baadaye Serikali ikaelekeza achukuliwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mkristo anayesoma habari hiyo anaikumbuka ile ya Msamaria Mwema. Mtu kalala barabarani, wenye vyeo vya dini wanapita pembeni, na anayesimama ni yule asiyetegemewa. Msamaria hakumuuliza majeruhi anasali wapi. Alimfunga vidonda, akampeleka palipo na huduma, akalipa na kuahidi kurudi kumalizia deni.

Hilo la kurudi ndilo linalosahaulika. Wengi wanaweza kusaidia mara moja, lakini kurudi wiki inayofuata ni habari nyingine.

MULEBA WANAIJUA KAZI HII

Toka Bukoba, shika barabara ya kusini hadi Muleba. Huko soka linachezwa kwenye viwanja vya shule, vya kata, na vilivyo kando ya makanisa. Vijana wa kigango hiki wanakutana na wa kigango kile, usharika huu na ule. Na wilayani humo humo zimo hospitali tatu zilizozaliwa na makanisa: Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki, na Ndolage ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Hospitali hizo si mapambo ya imani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Rika lililopigwa zaidi ni lile lile la kucheza mpira, kuoa na kulea. Vijiji vikabaki na babu, bibi na watoto. Ndipo KKKT Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, kuwashika mkono yatima. Hapo utumishi ulikuwa na maana ya sare ya shule, daftari, chakula, na mtu mzima wa kubisha hodi kuuliza mtoto ameamkaje.

Mkoa huu pia una historia ya viongozi wakubwa wa imani. Laurean Rugambwa alikuwa askofu kule Rutabo, Muleba, kabla ya kuhamia Bukoba. Mwaka 1960 akawa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri Bukoba, mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Ni vyeo vikubwa, lakini nyuma yao kulikuwa na jeshi la wauguzi, masista, makatekista na wainjilisti ambao hakuna aliyewapigia tarumbeta. Kocha yeyote anaijua hali hiyo. Mfungaji anabebwa juu, na aliyekimbia dakika 90 kuziba nafasi anatoka kimyakimya.

DAMU INAUMA KULIKO PICHA

Klabu kubwa nchini zina utaratibu mzuri. Kabla ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi, mashabiki huchangia damu, hutembelea wagonjwa na vituo vya yatima. Ni jambo jema na linaokoa maisha. Tatizo linakuja pale klabu za mitaani zinapoiga picha na kuacha kazi: sabuni mbili, jezi mpya, kamera, basi, hadi mwakani.

Muleba inajua kwa nini hiyo haitoshi. Wilaya hiyo imeteswa na malaria miaka mingi. Mlipuko wa mwaka 2006 uliua watoto wengi, na mwaka uliofuata ikaanza kampeni ya kupulizia dawa majumbani. Malaria kali humaliza damu ya mtoto. Anayeletwa usiku akiwa mweupe kama karatasi hawezi kusubiri wiki ya hamasa ya klabu. Anahitaji damu ambayo tayari iko kwenye jokofu.

Kutoa damu kuna masharti yake. Mchangiaji awe na umri wa kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Kwa mchezaji, kuna gharama ya ziada. Siku ya kutoa damu hapaswi kufanya mazoezi mazito, na chembe nyekundu zinazobeba oksijeni huchukua wiki kadhaa kurudi zilivyokuwa. Kocha makini hatampeleka kiungo wake kutoa damu Alhamisi kisha amchezeshe Jumamosi.

Kwa hiyo mpango mzuri uko wazi. Ligi ikiendelea, wachangie mashabiki, viongozi na wazazi. Ligi ikisimama, waingie wachezaji. Klabu yenye wanachama 40 ikijigawa makundi manne, inaweza kupeleka watu 10 kila mwezi, na hakuna anayerudia kabla ya miezi minne. Hapo hospitali inakuwa na watu wa kutegemea.

ALIYEINAMA MIGUUNI

Injili ya Yohana, sura ya 13, ina tukio ambalo mwanamichezo yeyote atalielewa upesi. Yesu, mwalimu wa kundi zima, anavua vazi la nje, anajifunga taulo na kuosha miguu ya wanafunzi wake. Ilikuwa miguu yenye vumbi la barabarani, na hiyo ilikuwa kazi ya mtumishi.

Kwenye timu, anayeinama miguuni ni daktari wa timu na mtunza vifaa. Yeye ndiye anayejua nani ana malengelenge na nani anaficha maumivu ya kifundo. Hakuna anayeimba jina lake. Lakini asipokuja siku moja, timu nzima inajua.

Utumishi wa Kikristo unafanana na kazi hiyo. Unahitaji mtu wa karibu, anayerudi, na asiyechagua mguu wa kuosha.

WODI HAINA MSIMU

Kagera Sugar ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Kwa mashabiki wa Bukoba na Muleba lilikuwa pigo, maana timu ikishuka, nyomi hupungua, wageni hupungua, na biashara ya siku ya mechi hupoa.

Rubya, Kagondo na Ndolage hazipandi wala hazishuki daraja. Mgonjwa wa huko bado anahitaji damu, ndugu anayemuuguza bado anahitaji mkungu wa ndizi na kuni za kupikia, na bibi anayelea wajukuu bado anahitaji vijana wa kumkarabatia paa kabla ya mvua. Timu ya kijiji ina miguu 22 yenye nguvu, bila kuhesabu wa benchi. Mazoezi yakiisha jioni, nusu saa inatosha kupita kwa mzee mmoja. Na wiki ijayo, kurudi.