Cheni ya Taimingi: Alama Zipi Ziaminiwe?

Katika gereji hutokea mara nyingi jambo linalomtia wasiwasi fundi mwanafunzi. Amefunga cheni mpya ya taimingi, amezilinganisha alama zote, kisha ameizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kama alivyofundishwa. Atazamapo tena, pingili za cheni zilizotiwa rangi hazipo mahali pake. Hudhani amekosea, akaifumua kazi yote. Kumbe hakukosea.

Sababu ni ya hesabu. Katika injini ya mipigo minne, ambayo Nikolaus Otto aliifanikisha huko Ujerumani mwaka 1876, kila valvu hufunguka mara moja katika mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo gia ya kamshafti huwa na meno maradufu. Ikiwa gia ya chini ina meno 18, ya juu ina 36, na cheni ina pingili 96, mizunguko miwili ya krankshafti hupitisha pingili 36 tu. Gia zimerudi zilipoanzia, lakini cheni haijafika hata nusu ya safari yake. Kigawe kidogo cha shirika cha 36 na 96 ni 288. Ndiyo kusema kwamba pingili zenye rangi zitakutana tena na alama za gia baada ya mizunguko 16 ya krankshafti. Pingili hizo ni za kufungia. Alama za kukagulia ni zile zilizochongwa katika gia zenyewe.

Hata hizo zina mtego wake. Pistoni ya kwanza hufika kileleni mara mbili: baada ya kugandamiza hewa, na tena baada ya kutoa moshi. Alama ya krankshafti haiwezi kuzitofautisha hali hizo. Hapana budi kuondoa mfuniko wa valvu na kutazama nundu za kamshafti za silinda ya kwanza. Ikiwa hakuna nundu inayosukuma valvu, na zote zimefunga, hicho ndicho kilele cha mgandamizo.

Kosa la jino moja si dogo. Kwa gia ya meno 36, jino moja ni nyuzi 10 za kamshafti, yaani nyuzi 20 za krankshafti. Injini huwaka kwa shida na kukosa nguvu mlimani. Kosa likizidi, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni na kupinda. Ndiyo sababu huzungushwa kwanza kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa: mkono huhisi kizuizi ambacho starta haikihisi. Izungushwe kuelekea upande wa kawaida tu, kwani ikirudishwa nyuma, ulegevu wa cheni huhamia upande mwingine na alama hudanganya.

Cheni iliyochakaa ni habari nyingine. Kama ile ya baiskeli, hurefuka kwa kulika pini zake. Kikaza cheni huondoa ulegevu na kelele, lakini hakirudishi wakati uliopotea, maana upande unaovuta nao umerefuka. Pingili za milimita 9.525 zikilika milimita 0.05 kila moja, upande wenye pingili 30 huongezeka milimita 1.5, na valvu huchelewa kwa karibu nyuzi 3 za krankshafti. Gari limenyamaza, lakini haliko sawa.

Injini ya Toyota 22R, iliyoendesha magari mengi ya Hilux, ilionyesha hatari nyingine. Katika miaka ya 1980 iliwekewa cheni ya safu moja badala ya mbili, pamoja na viongozi vya plastiki. Kiongozi kikivunjika, cheni hukwaruza mfuniko wa alumini hata ukatoboka, na maji ya rejeta yakaingia katika oili. Fundi mzoefu akiona oili ya injini hiyo imekuwa kama chai ya maziwa, huukagua mfuniko huo kabla ya kuilaumu gasketi ya silinda hedi.